Ua Lililowahi Kazini

Idara ya Vibali vya Maezeko, kwa furaha na taadhima, inapenda kuukumbusha umma, hasa ile sehemu ya umma inayopenda kucheka mbele ya geti letu, kwamba hakuna ofisi nyingine, ya karibu wala ya mbali, iliyowahi kuajiri ua. Sisi tuliliajiri. Lilipewa cheo, likapewa eneo la kazi, na kwa muda fulani lilikuwa hata na paa. Habari za hilo paa zimepotoshwa sana vijiweni. Mimi nilikuwepo tangu mwanzo, nikiwa Katibu wa Kamati ya Mmea na mshika mhuri wa dirisha namba moja. Dirisha namba mbili bado halijatobolewa.

Kazi ya idara yetu ni rahisi kueleza. Mtu yeyote anayetaka kuweka kitu cha kudumu kati ya kichwa chake na mbingu, iwe ni nyumba, choo au banda la kuku, sharti aje kwetu apate kibali. Asipokuja, Kikosi cha Ubomoaji humtembelea. Vibali hutolewa ofisi ikiwa wazi. Ubomoaji hauna saa za kazi. Hiyo ni huduma isiyolala.

Sasa, mbele ya ofisi yetu palikuwa na kiwanja kitupu. Nyasi zilipandwa zikafa, zikapandwa nyingine zikaona wenzao walivyofanywa, zikakataa kuota. Mkurugenzi wetu aliporudi kutoka kwenye semina ya Mandhari na Utumishi, alisimama juu ya kile kiwanja, akakipiga teke, vumbi likamrudia surualini.

"Nataka mmea wenye tabia za mwananchi mwema," alisema akijipangusa. "Uvumilie jua, usidai maji, ulale chini, halafu uchanue nikipita."

Wajumbe wa Kamati ya Mmea walikuna vichwa. Mimi nikakumbuka uwanja wa shemeji yangu.

Huyu shemeji ni mjane wa kaka yangu, fundi wa cherehani, mwanamke mwenye ulimi unaokata kuliko mkasi wake. Anakaa mtaa wa nyuma ya ofisi. Uwanja wake wote umefunikwa na mmea mfupi unaotambaa, wenye majani manene kama vidole vya mtoto mchanga, yamejaa maji, na maua mekundu, ya manjano na ya waridi yanayong'aa kama hariri. Yeye huuita zulia.

"Leo umekuja kama shemeji au kama serikali?" aliniuliza nilipobisha hodi.

"Nimekuja kikazi."

"Basi kaa benchi la nje. La ndani ni la ndugu."

Nilimweleza shida ya idara. Aliinama, akavunjavunja vipande, akajaza mfuko mzima wa plastiki.

"Vitandaze kivulini kwanza, kidonda kikauke. Halafu chomeka kwenye mchanga wenye kokoto. Mbolea usitie, utapata majani matupu. Halafu visahau. Zulia ukilipenda sana linaoza."

"Visahauliwe vipi kiofisi?" nilimuuliza, kwa kuwa jambo lisilo na utaratibu halitekelezeki.

"Eti vipi! Vichukulie kama maombi ya vibali."

Nilimshukuru kwa niaba ya idara. Kejeli zake sikuziingiza kwenye taarifa.

Mwanzoni tulikosea, kwa kuwa Afisa Utumishi ni mtu wa juhudi. Aliagiza mmea umwagiliwe asubuhi na jioni, kisha adhuhuri kwa ajili ya kuulinganisha na asubuhi na jioni. Mashina yakalainika kama mishumaa iliyoachwa juani, sehemu kubwa ikaoza. Ndipo nilipowasilisha ushauri wa shemeji, nikiuita ushauri wa kitaalamu, na ikaundwa Kamati Ndogo ya Kusahau. Wakateuliwa wajumbe waliobobea. Walisahau kumwagilia, wakasahau kupalilia, na kwa kipaji cha pekee wakasahau hata kukutana. Mmea ulipona, ukashika njia, ukajaza kiwanja kutoka ukutani hadi getini, kisha ukachanua.

Hapa naomba msomaji anifuate taratibu, maana ndipo wengi wanapotucheka bila kufikiri.

Mmea huu hufungua maua yake jua likishapata nguvu asubuhi, na huyafunga jua linapolegea mchana. Likipita wingu zito hujifunga pia, na wingu likiondoka hujifungua tena. Mkurugenzi, kwa upande wake, hufika ofisini saa tano, na kabla ya saa nane huwa amekwishaondoka kwenda kwenye vikao vya nje. Kwa hiyo kwa ushahidi wote aliokuwa nao, lile lilikuwa ua lisilofumba kamwe. Alifika, lilikuwa wazi. Aliondoka, lilikuwa wazi. Aliguswa sana na bidii hiyo. Nadhani alijiona yeye mwenyewe.

"Huyu ndiye mtumishi," alituambia. "Igeni hapa."

Akaagiza kibao kikubwa kisimikwe katikati ya maua, na alikizindua mwenyewe, tukapiga makofi. Kiliandikwa: UA HILI NI MTUMISHI MWENZETU. LIKIWA WAZI, NASI TUKO WAZI.

Kesho yake asubuhi nilikuwa ndani napata chai. Dirisha huwa silifungui kabla Mkurugenzi hajafika. Kumtangulia mkubwa wako kazini ni utovu wa adabu. Nje foleni ilikuwa imetulia, wengine wamechuchumaa, wengine wamesinzia wima. Mara nikasikia sauti ya dereva wa lori la kokoto, ambaye alikuwa akifuatilia kibali cha banda lake la kuku tangu kuku wakiwa mayai.

"Nyie! Mwenzenu kashafika!"

"Mwenzao yupi?" mtu akauliza.

"Si huyu hapa! Kachanua kitambo. Soma kibao."

Wakasoma. Ukapita mnong'ono ambao mtumishi yeyote mzoefu anaujua, ule wa umma unapoelewa jambo. Kisha wakaanza kugonga dirisha langu.

"Mzee wa mhuri! Ua liko wazi, na wewe jifungue!"

"Tusizugane! Mmeandika wenyewe!"

Nilifungua. Sikufungua kwa woga. Nilifungua kwa kuheshimu maandishi. Kwa siku kadhaa nilitoa vibali asubuhi nzima, mfululizo, hadi bega likaingia ganzi. Watu wakaanza kuezeka. Hali ilikuwa inaelekea pabaya.

Kikao cha dharura kikaitishwa. Mkurugenzi alitaka kujua jambo moja tu.

"Haliwezi kuchelewa kidogo?"

"Linaweza kuelekezwa, mheshimiwa," alijibu Afisa Utumishi.

"Nani ataliambia?"

Mimi nilipendekeza, kwa unyenyekevu, kwamba labda kibao kiondolewe.

Mkurugenzi alinitazama kwa huruma. "Kibao nilichokizindua mimi? Kukiondoa ni kusema nilikosea. Mimi huwa sikosei, Katibu. Huwa nabadilishiwa mazingira."

Wakati huohuo wingu likapita dirishani. Afisa Utumishi alichungulia nje akaona maua yanajikunja moja baada ya jingine, kama watu wanaofumba macho ili wasisalimie mdai. Akarudi kitini anang'aa uso.

"Mheshimiwa, likikosa jua linafumba. Na likifumba..."

"Nasi tumefumba," alisema Mkurugenzi polepole. Nilikuwa sijamwona akitabasamu vile tangu dirisha namba mbili lilipoahirishwa.

Kabla ya jioni nguzo nne zilikuwa zimesimikwa, na juu yake limefungwa turubai zito la kijani, kubwa kuliko kiwanja chenyewe. Umma ulielezwa kwamba mtumishi yeyote ana haki ya kivuli. Na kwa kuwa katika idara yetu hakuna kitu kinachowekwa bila kutambua aliyekiwezesha, turubai lilichorwa kwa herufi nyeupe zinazosomeka kutoka ng'ambo ya barabara: KWA HISANI YA MKURUGENZI.

Maua yakafumba, nasi tukafumba. Amani ikarudi. Dereva wa kokoto alikuja, akachungulia chini ya turubai, akatikisa kichwa, akaenda kuongea na kuku wake.

Ndipo upepo ulipong'oa paa la shemeji.

Ulikuja alasiri moja bila kupiga hodi, ukafunua mabati yote ya chumba chake cha kushonea, ukayatupa uwanjani juu ya zulia. Hakuumia mtu. Mkwewe, ambaye ni fundi wa mapaa, aliyanyoosha mabati, akabadilisha mbao mbili, akapanda ukutani na misumari mfukoni. Kilichobaki ni mhuri wangu. Na nyuma ya vilima mawingu ya masika yalikuwa yameanza kujikusanya kama watu wanaosubiri kuitwa majina.

Kesho yake mchana shemeji alikuja akasimama mbele ya dirisha langu lililofungwa, akaongea kupitia ule ufa ninaopitishia hewa.

"Shemeji, fungua."

"Ua limefumba, shemeji."

"Limefumba kwa kuwa mmelifunika."

"Masuala binafsi ya mtumishi hatuyajadili dirishani."

"Sikiliza, baba. Cherehani nimeifunika sufuria. Gauni la bibi harusi liko chini ya kitanda. Kanzu ya bwana harusi nimeilalia mimi mwenyewe. Mvua ikishuka leo, wale watoto wataoana wamevaa tope. Na mimi cherehani ikiingia maji, ndiyo basi tena. Nitakula nini, kokoto?"

"Mwambie mkweo aanze kupiga misumari. Kibali kitakufuata."

"Kitanifuata kibali au atanifuata Nyundo wa Ubomoaji? Jirani yangu aliambiwa hivyohivyo, sasa hivi anaoga anaonana na ndege."

Lazima nikiri hoja ilikuwa na uzito. Nilimjibu alivyostahili kujibiwa na ofisi. "Undugu uko nyumbani, shemeji. Hapa ni foleni."

Alisogeza uso kwenye ufa. Kisha akacheka, kicheko kile ambacho marehemu kaka yangu alikuwa akikisikia anakwenda kujificha msalani.

"Haya, bwana shemeji. Ua lisilotaka paa mmeliezekea. Mimi niliyewapa ua mnaninyima paa. Si neno."

Akageuka. Alilitazama turubai muda mrefu, jinsi fundi anavyotazama nguo anayotaka kuifumua. Alizitazama nguzo zake, moja moja. Kisha akavuka barabara hadi kwenye lori la Kikosi cha Ubomoaji.

Nyundo ndiye kiongozi wa kikosi hicho. Jina hilo alipewa na Mkurugenzi mwenyewe, siku alipobomoa paa bila kuuliza ni la nani. Mkurugenzi alimsimamisha mbele yetu sote akamsifu: "Nyundo haiulizi msumari ni wa nani!" Tangu siku ile Nyundo hakuuliza tena kabla ya kubomoa. Kwanza bomoa, kisha mtafute mwenye paa. Ni mtu mnyofu sana, na mtu mnyofu mwenye mtaimbo ni hazina kwa idara yoyote.

Dirisha langu halikunizuia kusikia.

"Mwanangu," shemeji alimwambia, "nimekuja kushtaki paa."

Nyundo alishuka kwenye lori. "Lina nguzo, mama?"

"Nne."

"Linazuia mvua?"

"Hata jua linalizuia."

"Lina kibali?"

"Litakipata wapi, mwanangu? Ofisi imefungwa tangu lijengwe."

Nyundo aliita vijana wake. "Liko wapi?"

Shemeji alinyoosha kidole. Nyundo alilitazama turubai. Alizisoma zile herufi nyeupe, nikaona midomo yake ikitembea. Wanaosema alisita ni waongo. Alitema mate mikononi, akashika mtaimbo.

Nguzo ya kwanza iling'oka, turubai likalegea upande mmoja kama mdomo wa mtu aliyeambiwa jambo zito. Ya pili, ya tatu. Ya nne ikajilalia yenyewe. Wakalivuta pembeni, na jua, ambalo lilikuwa limebakiza upenyo kati ya wingu na wingu, likaanguka juu ya kile kiwanja kizima.

Habari zilikimbia mtaani haraka kuliko miguu. Kufumba na kufumbua foleni ilikuwa imejipanga, shemeji akiwa wa kwanza, na hakuna aliyenitazama mimi. Wote walikuwa wameinamia maua. La manjano karibu na geti lilijinyoosha kidogo. Likangoja. Jekundu pembeni yake likafunua ukingo mmoja.

"Msilisemeshe," alinong'ona dereva wa kokoto. "Mtalitia aibu."

Kisha yakafuatana, hapa na pale, hadi kiwanja chote kikalipuka rangi. Watu wakashangilia kama waliopata mapacha.

Kelele hizo zilimtoa Mkurugenzi nje, kikombe mkononi.

"Nani kabomoa mali ya ofisi?"

Nyundo alisimama wima, akapiga saluti. "Mimi, mheshimiwa. Paa halina kibali. Sasa natafuta mwenye paa."

"Unajua turubai hili ni la..." Mkurugenzi alianza, kisha akaona kundi lote linamsubiri amalizie. Akaacha. Akamtafuta Afisa Utumishi, lakini Afisa Utumishi alikuwa amekumbuka kikao. Macho yake yakaniangukia mimi kwenye ufa wangu. "Katibu! Waeleze hili ni la nani."

Ninajivunia kwamba katika miaka yangu yote ya utumishi sijawahi kumnyima mkubwa wangu sifa anayostahili. Nilifungua dirisha, nikatamka wazi ili kila mtu asikie: "Mafanikio yote ya idara hii ni ya Mkurugenzi, na turubai likiwemo. Jina lake liko juu."

Umma ulipiga makofi. Sikumbuki kupigiwa makofi mengi hivyo.

"Basi, mheshimiwa," alisema Nyundo kwa heshima kubwa, "mwenye paa lisilo na kibali anapanga foleni mwenyewe, hatumi mtu. Ni agizo lako, la kuzuia madalali. Pita nyuma ya huyu mwenye kuku."

Mkurugenzi alitazama kushoto, akatazama kulia. Kila upande palikuwa na watu wenye simu zilizoelekezwa kwake. Akampa mlinzi kikombe, akaenda kusimama nyuma ya dereva wa kokoto.

"Karibu, mheshimiwa," alisema dereva. "Ukichoka, chuchumaa. Kwenda msalani sikushauri, utapoteza nafasi."

Nilianza kazi. Mhuri ulikuwa umekauka kwa kukaa, nikaupumulia mara mbili kama mtu anayefuta miwani. Wingu lilikuwa linashuka kutoka vilimani, kivuli chake kimefika kwenye kituo cha mafuta. Shemeji alisukuma karatasi yake bila kejeli, jambo ambalo kwake ni sawa na kupiga magoti. Maua ya upande wa barabara yalikuwa yameshaanza kujikunja.

Niligonga mhuri kwa kasi ya kawaida. Wanaosema mkono wangu ulikimbia hawajui mihuri.

Aliinyakua, akatoa simu papo hapo. "Mkwe! Gonga!" Na kutoka mtaa wa nyuma tukasikia nyundo juu ya bati, ko, ko, ko, mtu anayepigilia kwa mikono miwili na ruhusa kamili.

"Asante, serikali," aliniambia. "Ukija kesho, njoo kama shemeji."

Akakimbia kwenda kuokoa gauni.

Nilimhudumia aliyefuata, na mwingine, na dereva wa kokoto, aliyeibusu karatasi ya banda lake kabla ya kuikunja. Mkurugenzi akafika dirishani. Alikuwa ameshatoa kalamu. Lakini kivuli nacho kilifika, na katikati ya kiwanja ua la mwisho, la waridi, likakunja petali zake.

Nilishika kitasa cha dirisha.

"Katibu," alisema kwa sauti ya chini, "ni mimi."

"Nimekuona, mheshimiwa. Ua limefumba. Njoo kesho."

"Kesho saa ngapi?"

"Wahi," nilimshauri. "Linafika mapema."

Nikafunga, kwa taratibu zote. Kupitia ufa nikaona matone makubwa ya kwanza yakipiga vumbi. Watu walitawanyika wakicheka, mifuko vichwani. Gari la Mkurugenzi lilikuwa ng'ambo, na dereva wake, kwa kuwa saa nane ilikuwa haijafika, alikuwa hajafika pia. Mlinzi akamkimbizia Mkurugenzi mwavuli wake mkubwa mweusi, naye akaufungua kwa kishindo.

Nyundo alikuwa bado anakunja turubai. Aliacha. Akauzunguka ule mwavuli taratibu, akiutazama kutoka kipini hadi ncha.

"Mheshimiwa," alisema kwa adabu, "huo nao una nguzo."

Mkurugenzi akaufunga.